Kwilti Iliyolala Mfukoni: Mwongozo Kamili wa Kuiamsha na Kuimaliza

Kwa miaka miwili nilikuwa na gunia la sukari chini ya kitanda, hapa Walukuba mjini Jinja, Uganda. Kila nilipofagia nililisogeza kwa mguu bila kulitazama. Ndani mlikuwa na kwilti tatu, na hata moja haikuwa imekwisha. Nilijihesabu kuwa mtu wa kuanza tu, asiyejua kumaliza, na niliamini hivyo kabisa.

Siku moja mvua ilinifungia ndani nikalimimina gunia lote mkekani. Kwilti ya kwanza ilikuwa imesimama pale ambapo pembe za miraba zilikataa kukutana. Ya pili ilikuwa uso uliokamilika lakini hauna mgongo, kwa sababu sikujua nitaitandaza wapi kwenye chumba kimoja. Ya tatu ilikuwa imeachwa katikati ya mstari, kitambaa cha chini kimejaa makunyanzi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa nimeiacha kazi nzima mara tatu. Nilikuwa nimekwama mahali patatu tofauti, na kila mahali palitaka dawa yake. Mwongozo huu ni wa kukusaidia upate mahali ulipokwama, kisha uendelee kuanzia hapo hapo.

Kwa anayeanza leo: kwilti ni tabaka tatu. Juu kuna uso ulioungwa kwa vipande, katikati kuna kitu cha kuleta ujoto, chini kuna mgongo. Zote tatu hushikamanishwa kwa mishono inayopenya hadi upande wa pili, halafu pembeni huzungushwa utepe. Kamusi zina neno mfarishi, lakini mafundi ninaowajua wanasema kwilti, nami nitasema hivyo.

Andikia kila kazi cheti

Toa kila kitu ulichoficha. Usichague bado, na usishone. Kata vikaratasi, na kwa kila kazi andika mambo mawili: imesimama wapi, na kitendo kinachofuata ni kipi. Kitendo hicho kiwe kidogo kiasi kwamba mkono unaweza kukifanya bila kuuliza kichwa. "Kumaliza kwilti ya bluu" hakifai. "Kufumua mshono wa safu ya nne, upande wa kushoto, inchi mbili" kinafaa. Kibane kikaratasi kwa pini juu ya kazi yenyewe.

Cheti changu cha kwanza kilisomeka: "Pembe hazikutani. Sijui kwa nini." Hata hicho kilitosha, kwa kuwa sasa nilikuwa na swali la kumpelekea mtu. Nilikwenda kwa bibi mmoja wa mtaani, fundi wa siku nyingi, nikiwa nimeikunja kazi kwapani kwa aibu. Aliifunua, akaigeuza nyuma kabla hata hajaangalia mbele, akapitisha ukucha wake juu ya mishono.

"Mwanangu, umeipiga pasi hii?"

"Nimeipiga, Bibi. Mwisho kabisa."

"Mwisho?" Akanirudishia. "Nenda ukaipige kila mshono, halafu uniletee."

Nitaeleza alichomaanisha hapo chini.

Ukishaandika vyeti, chagua kazi moja tu, ile iliyo karibu zaidi na mwisho, hata kama siyo unayoipenda kuliko zote. Mikono inahitaji kuonja kumaliza. Nyingine zirudishe guniani na vyeti vyake. Kama kuna ambayo hutaki tena hata kuitazama, kata sehemu iliyo nzuri ushone foronya ya mto au kifuniko cha meza. Hiyo nayo ni kumaliza, na kitambaa hakikupotea.

Pembe zisizokutana

Wanaoanza wengi hukata tamaa hapa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Nafasi ya mshono, yaani upana kutoka ukingo wa kitambaa hadi mstari wa uzi, katika kwilti ni robo inchi, kama milimita 6. Fundi wa nguo amezoea kuacha nafasi pana zaidi, na gauni halilalamiki ukizidisha kidogo. Kwilti inalalamika. Chukua safu ya miraba tisa: ina mishono minane. Ukizama milimita moja tu zaidi kwenye kila mshono, unapoteza milimita mbili kila mahali kwa sababu kuna vitambaa viwili. Mishono minane ni milimita 16, zaidi ya nusu inchi. Safu ya jirani ikiwa imeshonwa sawasawa, pembe zitakutana vipi?

Jipime hivi kabla ya kulaumu macho yako. Kata vipande vitatu vyembamba, kila kimoja upana wa inchi mbili na nusu. Viunge ubavu kwa ubavu, piga pasi, kisha pima kile cha katikati. Kikisoma inchi mbili kamili, mshono wako uko sawa. Kikisoma pungufu, unazama. Kikizidi, uko karibu mno na ukingo. Ukishapata mahali sahihi, bandika kipande cha plasta kwenye bamba la cherehani, robo inchi kutoka sindanoni, na ukingo wa kitambaa utembee ukiigusa plasta. Tangu nibandike ya kwangu sijaibandua.

Sasa pasi. Bibi alitaka nipige kila mshono kabla haujavukwa na mwingine. Na si kuburuta pasi kama unavyonyoosha shati. Unaiweka, unabonyeza, unainua, unaiweka mbele. Ukiburuta, mraba unavutika na kwenda upande. Nafasi za mshono zilaze upande wa kitambaa cheusi zaidi. Kwenye safu yenye cheusi na cheupe kupokezana, hilo linafanya, kwenye kila pembe, mshono wa safu ya kwanza ulale upande mmoja na wa safu ya pili ulale upande wa pili. Ukizikutanisha safu hizo uso kwa uso, ile mishono miwili inajifungia, kila mmoja umeegemea mwenzake. Papase kwa kidole gumba na cha shahada. Kama kuna mwanya au kigongo, bado. Pakiwa laini, choma pini hapo hapo kisha shona. Nilipozihisi zikijifunga mara ya kwanza nilicheka peke yangu chumbani.

Wa pasi ya mkaa, ifute chini kwa kitambaa kibichi kabla ya kila duru, na weka kitambaa cheupe kati ya pasi na kazi yako. Chembe moja ya mkaa hutoboa.

Kitambaa kinacholegea pia huharibu pembe. Kitenge kipya kina ugumu wa kiwandani ambao huondoka kikifuliwa. Hata hivyo kifue kwanza, kwa sababu pamba hurudi na rangi nyingine huchuja. Ili kujua kama rangi inachuja, lowesha kona, ifunike kwa kitambaa cheupe, bonyeza kwa pasi ya moto uone. Baada ya kufua, rudishia ugumu kwa uji mwepesi sana wa unga wa muhogo, kausha, piga pasi. Kitambaa kitakatika kama karatasi. Na kama hujui ulichouziwa ni pamba au nailoni, choma uzi mmoja: pamba huacha jivu laini lenye harufu ya karatasi, nailoni huyeyuka na kuacha punje ngumu.

Kuhusu kufumua, usifumue safu nzima. Mwanya ukiwa chini ya milimita 3, uache. Kwilti ikishashonwa tabaka tatu na kufuliwa hutauona. Ukizidi hapo, fumua inchi moja kila upande wa pembe, basi. Kata kila mshono wa nne kwa upande mmoja, kisha geuza uvute uzi wa upande wa pili. Unatoka mzima bila kurarua kitambaa.

Maneno ya watu

Kuna kazi hazikusimamishwa na mshono. Zilisimamishwa na mtu aliyesimama mlangoni akauliza: "Mbona unakata kitenge kizuri vipande vipande, halafu unaviunga tena?"

Kwetu kiraka kina historia. Mtoto aliyevaa kaptula yenye kiraka alichekwa shuleni, na mama alishona kiraka usiku ili majirani wasione. Kwa hiyo ukishona vitambaa themanini vya viraka kwa makusudi, ukavitandika sebuleni, unagusa kidonda cha watu. Usiwachukie kwa swali lao. Lakini usikunje kazi pia.

Mimi hujibu kwa mambo mawili. La kwanza ni lubugo, kitambaa cha gamba la mti wa mutuba ambacho Baganda wamekitengeneza tangu zamani, na ambacho utengenezaji wake UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Tazama lubugo kwa karibu: gamba likiwa na tundu, fundi hulishonea kiraka cha gamba lile lile, na kiraka kinaonekana. Wafalme walivaa hicho. La pili ni wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama nchini Marekani, wajukuu na vitukuu wa watumwa. Walishona kwilti kutokana na suruali za kazi zilizochakaa na magunia, ili watoto wasilale na baridi. Mistari yao haikunyooka na hawakuinyoosha. Mwaka 2002 kwilti hizo ziliwekwa kwenye jumba la sanaa la Houston, kisha New York, na mwaka 2006 zikachapwa kwenye stempu za Marekani.

Kuhusu picha nzuri unazoziona kwenye simu: zimepigwa kwa mbali. Tandika yako kitandani, rudi hadi mlangoni, uitazame kutoka hapo. Kosa ulilolilia kwa karibu litakuwa limekwisha.

Kama unaanza upya, anza na hii

Huenda kazi yako ilikufa kwa kuwa ilikuwa kubwa mno. Kwilti ya kitanda cha watu wawili si ya mtu wa mara ya kwanza. Shona ya inchi 36 kwa 36, inayotosha kuwa mkeka wa mtoto wa kuchezea. (Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asifunikwe nayo akilala, inaweza kumziba pumzi.)

Unahitaji rangi mbili, moja nzito na moja nyepesi, robo tatu ya yadi kila moja. Kitenge kikiwa na upana wa karibu inchi 45, kata vipande vitano vya upana wa inchi nne na nusu kwa kila rangi. Kila kipande kinatoa miraba tisa. Utahitaji 41 ya rangi nzito na 40 ya nyepesi, ukipokezanisha safu tisa za miraba tisa. Mgongo uwe inchi 40 kwa 40, basi yadi moja na robo inatosha. Kwa utepe wa pembeni, kata vipande vinne vya upana wa inchi mbili na nusu. Katikati weka blanketi jembamba la mitumba, au mivumba kama tunavyoiita hapa. Kwa hali yetu ya hewa linatosha, tena halihami ndani kama pamba iliyolegea.

Vitambaa usivinunue vyote siku moja. Ukipita Kiyembe, kwenye maduka ya vitambaa pale Kampala, utarudi na mfuko mzito na kichwa kilichochoka. Omba mabaki kwa mafundi cherehani wa mtaani. Wengi watakupa kwa furaha. Kuchora, tumia kipande chembamba cha sabuni iliyobaki. Kinafutika.

Kutandaza tabaka tatu katika chumba kimoja

Uso wangu ulilala guniani mwaka mzima kwa sababu ya hatua hii, na ilinichukua asubuhi moja tu.

Sukuma kitanda ukutani kabla watoto hawajaamka. Futa sakafu ya saruji ikauke. Tandaza mgongo, upande mzuri ukiangalia chini, ubandike kwa selotepu pande zote: unyooke lakini usivutwe, kwa maana ukiuvuta utarudi baadaye na kukuletea makunyanzi. Weka blanketi juu yake, kisha uso. Papasa kwa viganja kutoka katikati kwenda nje.

Sasa piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda ya kushikiza tabaka zote tatu. Tumia sindano ndefu, uzi wa rangi ya kelele utakaouona wakati wa kuufumua, na mishono ya urefu wa kidole gumba. Anzia katikati kuelekea kila upande, mistari iachane upana wa kiganja. Wengi huiruka hatua hii, wakaweka pini sita wakakimbilia cherehani. Bandi ikiwa chache, utalipa baadaye.

Kama sakafu haitoshi kabisa, kunja kila tabaka mara nne, weka alama ya katikati, zilinganishe mezani na ushikize robo baada ya robo.

Cherehani inapokunja kitambaa

Sababu ni hii: meno ya chini huvuta mgongo kwenda nyuma, huku mguu wa cherehani ukiukandamiza uso ubaki mbele. Tabaka tatu zinatembea kwa mwendo tofauti. Basi punguza mkandamizo wa mguu kama cherehani yako ina skrubu hiyo juu, refusha mshono hadi milimita 3, weka sindano mpya namba 14, na weka kiti kando kibebe uzito wa kazi. Kwilti inayoning'inia huvuta sindano. Anza mstari wa katikati, kisha songa nje, ukikunja upande uliobaki kama mkeka ili upite chini ya mkono wa cherehani. Mstari wa kwanza ukikunja, simama hapo hapo, geuza, tazama mgongo. Usiniige mimi niliyeshona mistari sita ndipo nikageuza.

Cherehani ya miguu usiidharau. Inatembea polepole kama unavyotaka, na umeme ukikatika inaendelea.

Na kama cherehani imekukatisha tamaa kabisa, iache. Wasiddi wa Karnataka, kusini mwa India, ni watu wenye asili ya Afrika, na wanawake wao hushona kwilti ziitwazo kawandi bila kuunga uso kwanza. Hutandika kitambaa kikubwa cha mgongo, mara nyingi sari kuukuu, kisha huanzia pembeni: wanaweka kipande, wanakunja ukingo wake ndani, wanakishonea moja kwa moja kwa mkono, wanaongeza kingine, wakizunguka hadi wafike katikati. Kwenye kona hubandika vipande vidogo vilivyokunjwa viitwavyo phula, yaani ua. Mimi nimejaribu kwa lesu kuukuu na mabaki ya kitenge, uzi nimeupaka nta ya nyuki usijifunge mafundo. Uzuri wake kwa anayekata tamaa ni kwamba hakuna hatua ya kukwama: kuunga, kushikiza na kushonea vinatokea kwa mshono mmoja. Unaweza kukaa nayo barazani ukizungumza.

Kuacha kazi jioni ili urudi kesho

Ukiishiwa nguvu, usisimame kwenye tatizo. Tatua au rudi nyuma hadi mahali rahisi, kisha shona inchi mbili za mstari mnyoofu na uache hapo, uzi ukiwa tayari sindanoni na cheti kimeandikwa upya. Kazi iachwe mahali unapoiona, juu ya kiti, si chini ya kitanda. Dakika ishirini kabla ya kupika zinatosha.

Utepe wa pembeni

Kata uso, blanketi na mgongo zilingane, kisha fumua bandi. Unga vipande vinne vya utepe viwe kimoja kirefu, ukunje katikati kwa urefu, piga pasi. Weka upande wazi wa utepe kwenye ukingo wa kwilti, mbele, ukianzia katikati ya ubavu na kuacha mkia wa inchi sita. Shona kwa robo inchi.

Ukifika robo inchi kabla ya kona, simama, rudisha mishono miwili, kata uzi. Inua utepe moja kwa moja juu, kana kwamba unaendelea kutoka ubavu unaofuata. Utaona mkunjo wa mshazari ukijitengeneza. Shikilia mkunjo huo kwa kidole, kisha urudishe utepe chini, mkunjo mpya ukilingana na ukingo wa juu. Anza kushona kutoka juu kabisa. Zikiisha kona nne na mikia imeungwa, geuza utepe nyuma uufiche mshono, uushone kwa mkono kwa mishono midogo ya kupachika. Kona itajikunja yenyewe kama bahasha.

Kabla hujakata uzi wa mwisho, andika kwa sindano jina lako na mwaka kwenye kona ya mgongo. Halafu vuta gunia, usome cheti cha pili.